Watu Elfu Mbili Mia Tisa na Kumi na Saba

Alhamisi asubuhi, watu walipokwisha kugawiwa uji wa mtama, Huseni alikaa chini kando ya lango la boma la Kibiti, akafungua mzigo wake wa vijiti ili auhesabu upya. Vilikuwa vijiti vya mkandaa, kila kimoja urefu wa kidole cha shahada, vimefungwa ishirini ishirini kwa ukindu. Kabla ya vita Huseni alikuwa mhesabu boriti kule Mbwera, na boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini kwa korija moja. Mkono wake haukujua kufunga namna nyingine. Alipata korija mia moja arobaini na tano, na vijiti kumi na saba juu yake. Ndivyo alivyovipata jana, na juzi.

Kila kijiti kilikuwa mtu. Watu wa pande zile hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole, maana anayenyooshewa kidole na kupewa namba huwa ameitwa, na aliyemwita hajulikani. Kwa hiyo walipokwenda Ngarambe kunywa maji ya dawa, mwaka ule vita vilipoanza, kila mtu alikata kijiti chake, akakiuma kwa meno kukitia alama, akakiweka mkononi mwa Huseni. Tangu siku hiyo Huseni akawa mtunza mzigo. Sheria yake ilikuwa fupi. Mtu akizaliwa, kijiti kinaongezwa. Mtu akifa, kijiti chake kinatolewa na kuvunjwa juu ya kaburi lake, na hapo ndipo marehemu anapojua kwamba ameruhusiwa kuondoka.

Maji ya Ngarambe yaliahidi kwamba risasi za serikali zitageuka maji. Hazikugeuka. Huseni alivunja vijiti mia tatu na kitu kabla ya masika, na kila alipovunja alisema jina kwa sauti. Kimoja tu hakukivunja. Kilikuwa cha mdogo wake, Dadi, aliyepigwa risasi akivuka mto karibu na Mkongo, na mto ukamchukua. Huseni alitafuta kingoni siku nne, kijiti kiko kwenye upindo wa shuka. Kaburi hakulipata, na hakujua akivunjie wapi. Siku ya tano akakirudisha mzigoni. Lilikuwa kosa, naye alijua ni kosa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuacha boriti mbovu ndani ya korija.

Kwa hiyo Dadi alikuja. Njaa ilipowashinda watu, wakatoka msituni na kujisalimisha Kibiti, Dadi alikuwa langoni pamoja na wengine, amesimama kwenye mstari. Alikuwa amehesabiwa, akaja. Shuka lake lilitiririka maji ya mto, nywele zake zilikuwa na matope, na chini ya titi la kushoto alikuwa na tundu ambalo ungeweza kulitia kidole. Tabu, mke wa Huseni, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi mitano, alimsogezea nusu ya mkeka.

"Karibu, shemeji. Umechelewa."

"Mto una kona nyingi, shemeji," Dadi akasema, akakaa pembeni ili asiulowanishe mkeka.

Huseni alimpa mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa mkono. Akashukuru.

Bwana mkubwa wa boma lile alikuwa Mjerumani kijana, luteni, ambaye watu walimpa jina la Bwana Safu kwa sababu hakupenda kuona vitu viwili bila kuvinyoosha. Alipokea amri kutoka pwani: waasi wote wagawanywe katika vikosi vilivyo sawa, pasizidi mtu, pasibaki mtu. Vikosi vingine viende reli, vingine vikabebe mizigo, vingine vikalime pamba ya serikali, kila kimoja na upande wake wa dunia. Kitabu alicholetewa kilikuwa kimechorwa mistari tayari, na ndani ya mistari ile hapakuwa na mahali pa kuandika masazo.

Huseni aliogopa jambo moja tu. Aliogopa kwamba Tabu ataangukia mnyororo mmoja na yeye mwingine, na mtoto atazaliwa mahali asipopajua baba yake.

Askari walianza na minyororo ya watu kumi na wawili. Walifunga minyororo mia mbili arobaini na mitatu, akabaki mtu mmoja. Wakafungua. Wakajaribu watu kumi na mmoja kwa kila mnyororo, wakabaki wawili. Wakajaribu kumi na watatu, wakabaki watano. Wakajaribu kumi na saba, wakabaki kumi. Jua lilitua, na Bwana Safu akaenda kula.

Siku ya pili Akida alimjia Huseni. Akida huyo alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na fimbo ya mpingo, na ndiye aliyekuwa akimfasiria Bwana Safu.

"Wewe Huseni, umewaroga hawa?"

"Sijui uganga, Akida. Najua boriti."

"Basi nieleze kwa boriti."

Huseni akamweleza. Wakataji wa Mbwera wanajua kwamba kuna mizigo laini na mizigo mikaidi. Boriti kumi na mbili unazipanga chomboni utakavyo: mbili mbili, tatu tatu, nne nne, sita sita. Lakini boriti saba hazikubali, wala kumi na moja, wala kumi na tatu. Mzigo mkaidi unajua njia mbili tu: ama zote zilale mstari mmoja, ama kila moja ilale peke yake. Wazee waliamini ukaidi ni wa mizigo midogo, na kwamba mzigo ukikua hulainika, kama mtu anavyopata akili. Huseni mwenyewe aliamini hivyo mpaka alipofika Kibiti.

"Huu ni mkubwa, na bado ni mkaidi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu jahazi la jirani.

"Na yule bwana atajaribu mpaka lini?"

"Mpaka hamsini na nne. Hamsini na nne mara hamsini na nne ni elfu mbili mia tisa na kumi na sita. Akipita hapo anajisumbua. Kila safu ndefu ina ubavu wake mfupi, na huo ubavu mfupi atakuwa amekwisha kuujaribu."

Akida alikwenda akayafasiri. Bwana Safu aliyajua hayo tangu shuleni kwao, na hakufurahi kusikia kwamba mhesabu boriti anayajua pia. Aliamuru kazi iendelee.

Iliendelea siku tisa. Watu walipangwa na kupanguliwa asubuhi na alasiri. Kati yao alikuwemo bibi mmoja mfuma mikeka, Mwajabu, ambaye meno yalimwisha lakini sauti ilimbakia. Siku ya nne, walipopangwa ishirini na watatu ishirini na watatu wakabaki kumi na tisa, Mwajabu alianza kuimba, na wanawake wakapokea:

*Gawa kumi, gawa mia, wengine watabakia,*
*Panga tena ukilia, safu haitatimia.*

"Wanaimba nini?" Bwana Safu akauliza.

"Wanamshukuru Mungu, bwana," Akida akasema.

Hakusema uongo. Kila jioni mume alirudi mkekani kwa mkewe, mama kwa wanawe, na uji ulikuwa mwepesi lakini ulinyweka pamoja. Huseni alilala mgongo wake ukigusa wa Tabu, na kichwani kwao Dadi amekaa akidondoka maji polepole. Vita vilikuwa vimewanyima mengi, na hayo machache waliyapokea kwa mikono miwili.

Siku ya kumi Bwana Safu aliwapanga hamsini na wanne kwa hamsini na wanne. Ilichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akapanda juu ya kasha la risasi, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kibiti akatabasamu. Chini yake palikuwa na mraba kamili wa watu, pembe nne zilizonyooka kama za msahafu. Nje ya mraba, upande wa lango, alisimama mtu mmoja juu ya kidimbwi chake mwenyewe. Alikuwa Dadi.

"Yule mmoja atolewe," Bwana Safu akasema.

Huseni akautazama mzigo wake wa vijiti. Alizijua hesabu za mzigo ule. Mzigo wa elfu mbili mia tisa na kumi na sita haukuwa na ukaidi hata chembe. Ulikubali wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne, sita sita, tisa tisa, kumi na wawili, kumi na wanane, ishirini na saba. Ulikuwa mzigo unaomwitikia kila apitaye. Aliyewashikilia watu wote wale pamoja alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa maiti.

Askari watatu walimtoa Dadi nje ya lango. Akarudi. Walimtoa tena, wakafunga lango, akarudi kupitia ukutani ulikopita mfereji wa maji ya mvua. Bwana Safu akaamuru apigwe risasi. Askari walipanga mstari, wakalenga, wakapiga. Risasi tatu zilimfikia Dadi kifuani zikawa maji, zikateremka kwenye shuka lake, zikaongeza kidimbwi. Dadi akajifuta uso.

"Si ndiyo tuliyoahidiwa haya?" Mwajabu akasema kutoka safu ya thelathini.

"Ndiyo yenyewe," Tabu akajibu. "Yamechelewa tu."

"Alhamdulillahi, yamefika."

Watu wakaitikia alhamdulillahi, mraba mzima, safu kwa safu. Bwana Safu akaandika kwamba risasi tatu zimetumika.

Alasiri ile Akida alimwendea Huseni peke yake. Mtu wa pwani hafichwi mila za pwani. Alikwisha kuutazama mzigo wa vijiti, akauelewa.

"Kipo kimoja humo ambacho kingepaswa kuvunjwa," akasema. "Kivunje. Ndugu yako atapumzika, na hilo ni haki yake. Wewe na mkeo mtabaki hapa bomani. Bwana anataka mhesabu. Watakaogawanywa ni wengine."

"Wengine ni nani, Akida?"

"Wengine ni wengine. Usiniulize maswali ya kitoto."

Huseni alikwenda akamkuta Dadi amechuchumaa penye kivuli cha ukuta, anakamua shuka lake.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Nimechoka, kaka. Maiti wenzangu wamelala. Mie nimesimama juani siku kumi, napangwa kama dagaa."

"Nikuvunjie? Tabu atabaki nami. Wamesema."

Dadi alitazama uwanjani, watu wameketi makundi makundi, watoto wanavutana nguo.

"Nikiondoka leo, hawa watakatwa vipande kama muhogo," akasema. "Niache. Ila siku atakapokuja wa kunipokea zamu, usinisahau. Wewe zamani ulinisahau kwenye matope ya Mbwera, ukihesabu boriti za watu, mpaka maji yakanifika kidevuni."

"Nilirudi."

"Ulirudi ulipomaliza korija."

Walicheka wote wawili. Kisha Huseni akarudi kwa Akida.

"Mimi ni mhesabu," akasema. "Sivunji hesabu ili itoke kama mtu anavyotaka."

Alipewa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, amelazwa juu ya pipa mbele ya watu wote. Alivihesabu mwenyewe kwa sauti. Askari aliyepiga alichoka, akaruka kutoka kumi na nane kwenda ishirini, na Huseni, uso wake ukiwa umejaa vumbi na machozi, akamsahihisha. "Kumi na tisa bado," akasema. Hakutaka mtu wa Kibiti aje aseme kwamba Huseni wa Mbwera alipunguziwa.

Jioni Bwana Safu alikaa na kitabu chake. Zilikuwa zimebaki njia mbili. Akiandika kila mtu kikosi chake peke yake, angehitaji wasimamizi elfu mbili mia tisa na kumi na saba, na bomani alikuwa na askari sitini. Akaandika kikosi kimoja. Na kikosi kimoja hakiwezi kwenda reli na kwenda pamba. Akachagua pamba, kwa sababu mashamba ya pamba yalikuwa karibu, bondeni Mkongo.

Hivyo ndivyo watu walivyorudi kwao, kwenye bonde walilolilima kabla ya vita. Walitembea mstari mmoja kutoka Kibiti, mtu nyuma ya mtu, siku mbili njiani, na waliotangulia walipofika mtoni alasiri waliosalia walikuwa hawajaonekana. Huseni alikuwa wa mia nne na kitu, Tabu mbele yake, Dadi nyuma yake akiacha njia yote imelowa. Watu walishukuru kwa sauti. Walipofika walikuta majaruba yao ya mpunga yamepandwa pamba yote, mpaka ukingoni, na wao ndio watakaoipalilia. Walishukuru kwamba wameyaona majaruba.

Njaa ilikuja miezi ileile. Ghala walikuwa wamechomewa wakati wa vita, na pamba hailiki. Serikali ilitoa kibaba kimoja cha mtama kwa kila jina lililo kitabuni, kwa siku tatu. Watu walichimba mizizi ya ming'oko msituni, walikula kambale wenye ladha ya tope, na bado walikufa. Waliokufa walizikwa vizuri, wakasomewa. Lakini Huseni hakuvunja vijiti vyao. Kesho yake asubuhi walikuja shambani na majembe, vumbi la kaburi begani, wakaingia kwenye mistari yao ya pamba. Hawakuwa wepesi, lakini hawakupumzika adhuhuri. Na kwa kuwa maiti hali, kila kibaba cha marehemu kilibaki chunguni kwa watoto. Kufika mvua za vuli, marehemu arobaini na watatu walikuwa wakilisha jamaa zao. Wajane waliwapa maji ya kunawa, kwa heshima, wakawashukuru. Kutoka pwani Bwana Safu alipata barua ya kusifiwa, kwamba katika nchi nzima yenye njaa kikosi chake hakijapungua hata mtu mmoja.

Tabu alishikwa na uchungu Alhamisi, katikati ya mstari wa pamba, jua la saa tisa. Katika msimu ule wanawake wengi mimba zilikuwa zimewatoka kwa njaa; yake ilikaa, na Tabu alijua ni vibaba vya shemeji yake vilivyoikalisha. Mwajabu alimpokea mtoto palepale, juu ya khanga, mashina ya pamba huku na huku kama kuta. Alikuwa mtoto wa kiume. Alilia vizuri.

Huseni alikata kijiti kibichi cha mkandaa alichokihifadhi majini tangu Kibiti. Mtoto hana meno, kwa hiyo Mwajabu alimwekea fizini kidogo, na kijiti kikatoka laini kama kilivyoingia. Huseni akakitia mzigoni. Papo hapo alihisi kamba zinalegea mkononi mwake, mzigo wote ukifunguka katikati kama karanga. Mzigo wa elfu mbili mia tisa na kumi na nane unagawanyika kwa mbili. Na kesho ilikuwa siku ya kuitwa majina.

Dadi alikwisha kuweka kapu lake chini.

"Amekuja wa kunipokea," akasema.

"Kaburi huna," Huseni akasema. "Nikuvunjie wapi?"

"Vunjia nilipoingilia."

Walikwenda mtoni wote wanne, Tabu akitembea polepole na mtoto kifuani. Penye kivuko maji yalikuwa mekundu na mengi. Dadi alimtazama mtoto, akamgusa unyayo kwa kidole cha baridi, mtoto akavuta mguu.

"Mkaidi," Dadi akasema, akaridhika.

Huseni alitoa kijiti chenye alama ya meno ya mdogo wake, akasema jina lake kwa sauti, akakivunja juu ya maji. Dadi akaingia mtoni mpaka magotini, mpaka kiunoni. Shuka lake, ambalo halikuwa limekauka hata siku moja, lilikauka begani akiwa bado anatembea. Kisha mto ukampokea, na haukumrudisha.

"Ahsante, shemeji," Tabu akasema. Huseni akaufunga mzigo. Ulikaza.

Kesho yake Akida alikuja na kitabu. Alihesabu mistari, akalinganisha, akapata elfu mbili mia tisa na kumi na saba. Akamwona mtoto.

"Jina lake?"

"Dadi," Huseni akasema.

Akida akashusha kidole kwenye ukurasa mpaka akalipata.

"Dadi yupo tayari," akasema. "Sina haja ya kupoteza wino." Akanyoosha fimbo yake ya mpingo. "Mstari wake ni ule, na kapu lake ndilo hili."

Akaliweka kapu miguuni pa Tabu, akaenda zake mstari wa pili. Tabu alilitazama. Ndani yake kulikuwa na pamba kidogo aliyoiacha yule wa kwanza, kavu na laini. Akamlaza mtoto humo, akaona linamtosha. Akamshukuru Mungu, akaanza kuchuma, mstari wake kwanza, kisha wa mwanawe.